Namba ya bamba kwenye stempu za Marekani za karne ya 19: uchukue moja, mkanda, bloku au chapa ya majaribio?

Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia stempu ya Marekani ya senti 3 ya mwaka 1851, utamwona George Washington kwa ubavu na mistari myembamba ya mchongaji nyuma ya kichwa chake. Namba ya bamba lililoichapa, yaani lile bati la chuma lililochongwa picha, hutaiona. Waingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850, waliichonga namba ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo mwenye penny nyekundu ya Malkia Victoria ya 1864 au baadaye anaisoma hata kama stempu imekatwa pande zote. Wamarekani waliiweka nje, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, yaani kile kipande ambacho karani wa posta alikichana na kukitupa. Tunachokusanya sisi, tukisema ukweli, ni takataka iliyonusurika.

Na iliyonusurika ni chache. Kampuni ya Toppan, Carpenter, Casilear ya Philadelphia, iliyochapa stempu za 1851, ilitumia mabamba ya stempu 200 yaliyogawanywa nusu mbili za stempu 100. Kila nusu ilikuwa na jina la mchapaji na namba mahali pamoja tu, ubavuni. Hata kama asingechana mtu, stempu moja tu katika 100 ndiyo ingekaa jirani na namba. Halafu wakaja wakusanyaji wenyewe na albamu zao zenye visanduku vya stempu moja moja. Ukingo ulipozidi kisanduku, mkasi ukafanya kazi.

Kwa mtu anayeanza leo, njia ni nne: stempu moja yenye ukingo na namba, mkanda wa stempu tatu zilizoshikana kwa mstari mmoja, bloku ya sita au zaidi zilizoshikana kwa safu mbili au zaidi, na chapa za majaribio zilizotolewa kwenye mabamba hayohayo au yanayofanana nayo. Nimewahi kununua zote nne, mbili kati yake kwa makosa.

Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni kile ambacho kipande kinasimulia: namba peke yake, au pia jina la mchapaji, mpangilio wa stempu na nafasi yake kwenye bamba. Cha pili ni mfuko, kwa maana ya bei na urahisi wa kukipata. Cha tatu ni utunzaji, na hapa wasomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja wasikilize vizuri, kwa sababu gundi ya karne ya 19 na unyevunyevu wa pwani haviivi chungu kimoja. Cha nne ni urahisi wa kudanganywa. Baada ya hapo ndipo tuulize kinamfaa nani.

Kabla ya kuendelea ni vizuri kuwajua wachapaji, maana namba bila mchapaji haina maana. Toppan, Carpenter walishika kazi kuanzia 1851. Mwaka 1861 ikaja National Bank Note Company ya New York, ambayo ndiyo iliyochapa pia zile stempu za picha za 1869. Continental Bank Note Company ilichukua mkataba mwaka 1873, na mwaka 1879 ikaunganishwa na American Bank Note Company, iliyoendelea hadi 1894. Mwaka huo kazi ikahamia serikalini Washington, kwa Bureau of Engraving and Printing, iliyoanza kuhesabu mabamba yake upya kutoka namba 1.

Hapo katikati pana mtego. American ilipoirithi Continental, ilirithi na mabamba yake, ikaendelea kuyatumia yakiwa bado na jina la Continental ukingoni. Unaweza kuwa na namba safi, jina la Continental limesomeka vizuri kabisa, na stempu yenyewe ikawa ya American. Kinachozitofautisha ni karatasi. Ya Continental kwa kawaida ni ngumu, ukiipiga kidole inalia. Ya American ni laini, ina vinyweleo, na ukiishika mbele ya taa inaonekana kama imefumwa. Muuzaji anayekuambia "jina lipo ukingoni, basi imekwisha" ama hajui, ama anajua sana.

Stempu moja yenye namba

*Inasimulia nini.* Namba, na ukibahatika herufi chache za jina la mchapaji. Kwenye baadhi ya mabamba namba ilikaa katikati ya stempu mbili, kwa hiyo moja peke yake itakuonyesha nusu ya tarakimu. Huko huna budi kununua jozi. Lakini usiidharau. Mkusanyaji wa Marekani, Daktari Carroll Chase, alipojenga upya mabamba ya senti 3 ya 1851, nafasi 2,600 kutoka mabamba tisa ambayo baadhi yalichongwa upya na kila hali ikahesabiwa peke yake, stempu za ukingoni zenye namba zilikuwa kati ya vigingi vyake. Ukishajua kwa hakika kwamba hii ni ya bamba namba fulani na iko mahali fulani, unaanza kuunganisha jirani zake moja baada ya nyingine. Stempu iliyotumika huongeza jambo ambalo mpya haina: kama muhuri wake una mwaka, unajua bamba hilo lilishafika kazini kufikia siku hiyo.

*Mfuko.* Hapa ndipo mlango ulipo wazi zaidi. Za miaka ya 1890, hasa senti 1 na senti 2, zinapatikana kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu. Za 1851 hadi 1869 zinapanda haraka, ila hata huko stempu moja iliyotumika ndiyo njia ambayo haikulazimishi kuuza kiwanja.

*Utunzaji.* Rahisi. Kitu kinachoharibika kwanza ni mstari wa vitundu kati ya stempu na ukingo wake. Iweke kwenye mfuko wa plastiki usio na asidi wenye upana wa kutosha, na ukingo usiukunje nyuma ili kuokoa nafasi. Wazee wetu katika mchezo huu walikunja, na leo tunalipia mikunjo hiyo.

*Udanganyifu.* Ukingo uliobandikwa. Mtu anachukua stempu nzuri isiyo na ukingo na ukingo wenye namba kutoka kwenye stempu mbovu, anaviunganisha kwenye vitundu. Dawa yake ni kioo na subira: angalia nyuzi za karatasi kwenye madaraja yale madogo kati ya kitundu na kitundu. Nyuzi zinapaswa kupita moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zikikatika zote mahali pamoja, rudisha.

*Inamfaa* anayetaka namba nyingi kwa fedha chache, na anayependa kazi ya upelelezi.

Mkanda wa tatu

*Inasimulia nini.* Namba na jina lote la mchapaji, likiwa limepita chini au juu ya stempu tatu. Baadhi ya stempu za 1893 za kumbukumbu ya Christopher Columbus zina pia herufi pamoja na namba, na huko mkanda hulazimika kuwa wa nne ili vyote viingie. Mkanda ndio umbo ambalo wakusanyaji wa kwanza wa namba walilipenda, hasa baada ya Bureau kuanza kazi mwaka 1894 na watu kuanza kufuatilia kila bamba jipya lilipotoka. Kwa hiyo ukikusanya mikanda, unakusanya kama walivyokusanya watu wa wakati ule.

*Mfuko.* Katikati. Kwa Columbus mwanzo mzuri ni senti 2, kwa sababu zilichapwa zaidi ya bilioni 1.4, na maghala ya wauzaji hayajawahi kuishiwa. Ni stempu ya kuchekesha pia: kwenye senti 1 Columbus anaiona nchi kavu kwa mbali akiwa amenyoa kidevu safi, na kwenye senti 2 anashuka pwani akiwa na ndevu za kutosha. Msururu huo unakwenda hadi dola 5. Mikanda ya zile za dola waachie wenye mabenki.

*Utunzaji.* Inahitaji uangalifu zaidi kuliko unavyofikiri. Stempu tatu zilizoshikana na ukingo wake zina mistari ya vitundu inayopishana, na kila mstari ni mahali pa kuchanika. Ukiinua mkanda kwa koleo kwa kushika stempu ya pembeni, uzito wa zilizobaki unavuta. Ushike katikati, au uutelezeshe juu ya kadi ngumu.

*Udanganyifu.* Hapa niseme yaliyonipata. Mkanda wangu wa kwanza wa senti 2 za Columbus niliununua kwa picha ya mbele tu. Ulipofika niliuweka chini ya taa ya meza na mwanzoni nilifurahi: zambarau ya kahawia, vitundu vimekaa sawa, AMERICAN BANK NOTE COMPANY imesomeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha jicho likakwama. Neno BANK lilikaa juu kidogo kuliko NOTE, tofauti ya unywele, lakini mchongaji aliyechonga mstari ule kwa mashine hangeweza kuukosea hivyo. Nikageuza. Nyuma, juu ya mstari wa vitundu kati ya stempu ya pili na ya tatu, palikuwa na kikaratasi chembamba cha kubandikia, cha zamani, kimekuwa rangi ya chai. Gundi ya stempu mbili ilikuwa ya njano hafifu, ya ile ya tatu ilikuwa karibu nyeupe. Nilikuwa nimelipia mkanda, nikapata jozi na mgeni wao. Muuzaji alinijibu kwamba maelezo yake hayakusema popote kuwa zimeshikana kwa asili. Kweli hayakusema. Tangu siku hiyo naomba picha ya nyuma kwanza, na anayekataa simfuati.

*Inamfaa* anayevutiwa na historia ya wachapaji, na anayetaka ukurasa wa albamu unaopendeza bila kufika bei za bloku.

Bloku

*Inasimulia nini.* Karibu kila kitu ambacho ukingo unaweza kusema: namba, jina, safu mbili za stempu na jinsi zilivyopangwa. Ya kawaida kwa kazi za Bureau ni ya sita, safu mbili za tatu. Kwa za zamani utakuta za nane, kumi au kumi na mbili, kutegemea urefu wa jina la mchapaji na mahali ilipokaa namba. Kwa anayechunguza mabamba, bloku inaonyesha umbali kati ya stempu na stempu na dosari zinazovuka kutoka moja hadi jirani yake, mambo ambayo stempu moja haiwezi kukuambia hata ukiitazama mwaka mzima.

*Mfuko.* Hapa lazima tuseme wazi: ni ghali mara nyingi zaidi ya mkanda wa stempu zilezile, na pengo hilo linapanuka kadiri unavyorudi nyuma. Bloku zenye namba za kabla ya 1870 ni chache kiasi kwamba wataalamu huzijua moja moja, nani alikuwa nayo, ikauzwa mnada gani. Za senti 1 na 2 za miaka ya 1890 zinafikika kwa mtu mwenye nia na akiba.

*Utunzaji.* Ndiyo ngumu kuliko zote. Bloku yenye gundi ya asili ikiwekwa kwenye nyumba ya Dar es Salaam bila kinga, msimu mmoja wa masika unatosha kuibandika kwenye ukurasa. Vifuko vya kunyonya unyevu, chumba kikavu, na albamu isimame wima isilaliwe na vitabu vingine. Vitundu vilivyolegea visiimarishwe na gundi wala utepe, acha vilegee.

*Udanganyifu.* Gundi mpya iliyopakwa kwa ustadi, na bloku zilizounganishwa upya kama mkanda wangu ule, ila kwa mikono mizuri zaidi. Lakini bloku zina kinga ambayo stempu moja haina. Kwa kuwa kubwa na adimu zimepigwa picha kwenye minada kwa miaka mingi, historia ya wamiliki inafuatika. Ya bei kubwa isinunuliwe bila cheti. Philatelic Foundation ya New York na American Philatelic Society, chama kilichoanzishwa 1886 na chenye makao Bellefonte, Pennsylvania, hutoa vyeti kwa malipo. Kwa stempu ya dola tatu cheti ni hasara. Kwa bloku ni sehemu ya bei.

*Inamfaa* mwenye uvumilivu, fedha na mahali pakavu, na anayeridhika kuwa na vitu 12 kwa miaka 20.

Chapa ya majaribio

Njia hii wengi huiruka, nami niliiruka muda mrefu kwa kudhani si stempu "halisi". Ni kweli haikuwahi kuuzwa posta. Bamba likikamilika lilipigwa chapa kwenye karatasi nyembamba ya India au, baadaye, kwenye kadi, ili kukagua kazi au kuwapa maofisa. Zile za kadi zilitolewa kwa mafungu kati ya 1879 na mwanzoni mwa miaka ya 1890.

*Inasimulia nini.* Mchongo wenyewe, na kwa usafi ambao stempu ya kawaida haiufikii, kwa kuwa bamba halikuwa likichapa kwa haraka. Jina na namba mara nyingi zimo, kali kama zimechongwa jana. Jihadhari na jambo moja: si kila chapa ilitoka kwenye bamba lililochapa stempu za posta. Kwa baadhi ya thamani za 1857, zile za kadi zilitoka kwenye mabamba mapya yaliyotengenezwa kwa ajili ya machapisho maalumu ya 1875. Namba utakayoisoma hapo ni ya kweli, ila ni ya bamba jingine.

*Mfuko.* Hapa kuna mshangao. Bloku ya chapa za kadi ya senti 90 ya 1869, ile yenye Lincoln kwa rangi mbili, ni kitu ambacho mtu wa kati anaweza kukiota bila kujidanganya. Bloku ya stempu zenyewe hata ndoto haiifikii.

*Utunzaji.* Hazina gundi, hazina vitundu. Kwa anayeishi ufukweni hiyo peke yake ni hoja kubwa. Ya karatasi ya India ni nyembamba mno, huchanika ukipumua vibaya. Ya kadi ni ngumu lakini pembe zake hupondeka.

*Udanganyifu.* Unakwenda kinyume: wadanganyifu hawazighushi sana chapa, wanazitumia kughushi stempu. Kadi inachunwa nyuma hadi iwe nyembamba, inapakwa gundi, inauzwa kama stempu isiyo na vitundu. Ukinunua kitu kilichoandikwa waziwazi kuwa ni chapa, uko salama zaidi.

*Inamfaa* mpenda uchongaji, na anayetaka bloku za thamani kubwa lakini hataki, au hawezi, kulipa bei ya stempu.

Sasa, kwa hali yako

Kama ndiyo unaanza na hujawahi kushika hata moja, nunua stempu moja moja za Bureau za 1894 hadi 1899, senti 1 na 2. Namba zake ziko katika mfululizo mmoja kwa thamani zote, kwa hiyo kila namba mpya inajaza pengo. Jumba la makumbusho la posta la Smithsonian huko Washington limeweka mtandaoni picha za chapa rasmi za mabamba ya Bureau. Unaweza kulinganisha ukingo wako na bamba zima bila kulipa senti.

Kama unapenda hadithi za kampuni, nani alimnyang'anya nani mkataba, mikanda ya 1861 hadi 1893 itakutosheleza miaka mingi. Chukua mmoja wa National, mmoja wa Continental, mmoja wa American, uviweke pamoja na vipande vya karatasi ngumu na laini kando yake. Nilipopanga ukurasa huo, mpwa wangu asiyependa stempu hata kidogo alikaa akaupapasa robo saa.

Kama lengo ni kujenga upya bamba la 1851, usitie fedha kwenye bloku hata ukiwa nazo. Stempu moja na jozi zilizotumika, nyingi, zenye dosari ndogondogo, zitakufikisha mbali kuliko bloku moja nzuri kabatini.

Kama unaishi pwani na huna chumba chenye kiyoyozi, ziangalie kwanza chapa za kadi na stempu zilizotumika. Za gundi kamili ziache, au mwachie ndugu aliye Nairobi au Arusha akutunzie. Ajabu ni kwamba wakati za kwanza kati ya stempu hizi zikichapwa, miaka ya 1850, merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha vitambaa vya merikani Unguja. Bidhaa za Marekani zilishaujua unyevunyevu wetu zamani.

Kama unaweka akiba na unafikiria kuuza siku moja, bloku yenye cheti ndiyo inayopata mnunuzi wa uhakika, lakini mnunuzi huyo yuko kwenye mnada wa mbali na kamisheni yake ni kubwa. Stempu moja za kawaida zinauzika polepole, kwa wenzako, kwa mikono.

Na kama hukuchagua lolote kati ya haya, umerithi tu bahasha ya marehemu babu yenye bloku ndani na mtu anakushauri uichane ili "upate stempu sita badala ya kitu kimoja", usiiguse. Ipige picha mbele na nyuma, ukingo wote uonekane, irudishe kwenye bahasha, na uulize watu wawili wasiofahamiana kabla ya kufanya lolote.